Sauti Yangu kwenye Simu ya Orutu

“Lakini nilikupigia, nyathina, mwanangu, na wewe mwenyewe ukanijibu,” Mama Rosa aliniambia, akinikabidhi sahani ya wali kwa mikono miwili, kana kwamba mimi ndiye niliyefiwa na yeye amekuja tu kunipa pole.

Tulikuwa nyuma ya nyumba yake huko Kisian, upande wa masufuria na moshi. Mumewe, Mzee Ogola, alikuwa amezikwa mchana huo huo. Kule mbele, chini ya hema za kukodi, shemeji yake Rosa alikuwa bado ameshika maikrofoni na hakuonyesha dalili yoyote ya kuiachia. Alikuwa akimsema Opiyo, kifungua mimba wa boma lile, aliyeishi Kanada na ambaye hakuja kumzika babake.

“Tumemwandikia,” spika zilinguruma. “Tumemngoja. Amenyamaza. Basi tumeelewa.”

Kwetu mwana wa kwanza ana kazi zake kwenye mazishi ya baba, na udongo wa kwanza kaburini ni wake. Siku hiyo ulitiwa na Odongo, pacha wake, aliyezaliwa nyuma yake papo hapo. Nilimwona akiinama, akaangalia barabarani kwanza kabla ya kuuachia. Udongo huo ukichukuliwa na mwingine, hata kama walilala tumbo moja, utatajwa kwenye harusi, utatajwa kwenye ugomvi wa mpaka wa shamba, mpaka wajukuu wausikie. Opiyo alikuwa ameshakosa mazishi ya nyanya yake miaka ya nyuma, na wazee hawakuwa wamemsamehe. Mara hii walimfuta kabisa, na kwa spika.

“Mama,” nilimwambia Rosa, “mimi sikai tena kwenye simu. Nilihamishwa. Sikupokea simu yako.”

“Sauti yako siijui?” aliuliza, bila ukali. “Nilipiga kutoka Kondele, kwenye kibanda cha posta. Ukasema barua zote zimefika. Nikarudi nikawaambia wazee, Lornah amesema zote zimefika, kwa hivyo Opiyo hajaandika. Hapo ndipo wakapanga siku.”

Niliiweka ile sahani juu ya jiwe.

Ili nieleze uchafu huu lazima kwanza nieleze usafi uliotangulia, maana wengi walioijua kampuni yetu ya Orutu miaka ya mwisho hudhani ilizaliwa hivyo. Haikuzaliwa hivyo. Ilianzishwa na Absalom, fundi wa simu aliyeacha kazi ya serikali akiwa bado na nguvu zake, katika chumba kimoja cha ghorofani juu ya duka la vitambaa mjini Kisumu. Babake alikuwa mpiga orutu, ile fidla ya uzi mmoja inayolia kama mtu, ndiyo akaipa kampuni jina hilo. Miaka hiyo ya tisini ukitaja tovuti mtu anafikiri unamtukana. Absalom alikuwa na maelezo yake. “Mimi ni landilodi,” angemwambia mwenye hoteli. “Nina vyumba huko hewani. Kodisha kimoja, nikuandikie jina mlangoni, na Mjapani akipita atajua Kisumu kuna kitanda.” Tukapata hoteli, tukapata shule, ofisi ya kanisa, hospitali moja, muuza minofu ya samaki aina ya mbuta. Tovuti zao zilikaa kwenye mashine yetu iliyokuwa ikinguruma chini ya feni, na barua pepe zao pia.

Wasio na kompyuta hatukuwaacha. Barua ikiingia tunaichapa, mtu anaipeleka. Mimi nilichukua upande wa barabara ya Busia kwa sababu ndiko kwetu. Hivyo ndivyo nilivyozoeana na Mama Rosa. Nilimsomea barua za Opiyo uani, naye huku anachambua dagaa wa omena, na majibu yake niliyaandika kama alivyoyasema, pamoja na kukohoa kwake, na chini nikatia jina langu.

Absalom alikuwa na sheria moja tu. Mashine ikilala, mtu aende. Si simu, si barua, mtu. Kwetu habari mbaya haipitishwi kwenye waya. Unatumwa, unafika, unakaribishwa kiti, unapewa maji, unaulizwa mlivyoamka, ndipo unasema. Yeye hakuona kwa nini kuanguka kwa tovuti kuwe tofauti na msiba mwingine. “Anzeni na wa mbali,” alikuwa akituambia akivaa gambuti zake, “wa karibu atasikia mwenyewe.” Siku moja mvua ikinyesha alikwenda hadi karibu na Sondu kumweleza mwalimu mkuu kwamba ukurasa wa shule hauonekani tangu asubuhi. Yule mwalimu alikuwa hata hajui kama shule ina ukurasa. Alimpa chai, akampa pole, na shule hiyo haikutuhama hadi siku ya mwisho ya Absalom.

Watu walitucheka, tena sana, lakini walituamini. Ukisema sokoni Kondele kwamba umesikia jambo kwa mtu wa Orutu, hakuna aliyekuuliza mara ya pili.

Kisha wakaja watu wa kampuni ya Telmara kutoka Nairobi. Waliandaa chakula kwenye hoteli ya ufuoni, mwaka ule magugu yalipokuwa yamefunga ghuba yote, wageni wakawa wanaonyeshwa ziwa ambalo lilikuwa shamba la majani. Walisema tutaungana, tutakua. Absalom alihitaji mashine mpya na hakuwa na pa kuzitoa, akatia sahihi. Wakampa cheo cha mwenyekiti wa heshima, halafu wakachukua ofisi yake kuwa stoo ya makabrasha. Alikuwa akija anasimama koridoni na kofia mkononi, anauliza kama kuna mteja wa kutembelewa. Mwishowe akaenda zake Sondu kwa ng’ombe wake, na hakuna aliyemsindikiza hadi chini isipokuwa mimi na fundi wetu Wangui.

Mahali pake akawekwa Nicodemus. Usidhani alikuwa mtu wa kuja. Alikuwa wa kwetu kabisa, tumekula naye samaki meza moja, anaijua ile sheria ya Absalom na amewahi kuitembea kwa miguu yake. Hilo ndilo linalonitia kinyaa hadi leo. Angekuwa mgeni ningesema hajui.

“Lornah,” alisema wiki yake ya kwanza, “huwezi kuendesha kampuni ya teknolojia kwa baiskeli.”

Kupeleka barua kukasimama. Wateja wakaambiwa wapige simu kuulizia barua zao, nasi tukawa na simu isiyonyamaza. Ndipo akaja na wazo lake. “Watu wanaipenda sauti yako,” aliniambia, akinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. “Wakikusikia wanatulia.” Wakanifungia kwenye kichumba walichokiziba kwa magodoro, nikasoma kwenye kinasa sauti, kwa Dholuo, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza: Hapa ni Orutu. Huduma iko sawa. Barua zote zimefika. Aliniambia itakuwa ya jioni, ofisi ikishafungwa, na kwa siku ambazo mambo ni sawa kweli. Kisha akanipandisha cheo, nikawa wa kutafuta wateja wapya, nikapewa suti ya kola kubwa. Nilizunguka na makaratasi yangu kutoka Kisian mpaka Ahero nikiisifu Orutu, na kwa sababu ni mimi, watu walijiunga.

Haukupita mwaka, Telmara nayo ikamezwa na wengine wakubwa zaidi. Jina likawa Intelmara, rangi ya mlango ikawa zambarau, mashine yetu ikang’olewa chini ya feni ikapelekwa Nairobi. Mambo yakaanza kunuka. Tovuti ya hoteli ikakwama kwenye bei za Krismasi iliyopita. Muuza minofu akafungua ukurasa wake akakuta picha za matairi. Kanisa, na hili silitilii chumvi, likaamka ukurasa wake una tangazo la bia chini ya ratiba ya ibada. Mchungaji alipouliza aliambiwa apige ile namba.

Mimi huko nje nilikuwa nayasikia haya kwa mbali, na kila nikiuliza ofisini Nicodemus ananipiga chenga: ni uhamisho, ni wiki moja, ni mafundi wa Nairobi. Lakini kuna kitu nilikisikia kwa karibu na sikukielewa. Kondele kulizuka msemo. Baiskeli ikipasuka gurudumu, mwenyewe anaiinua, anapandisha sauti juu, tamu, ya kike, anasema, “Huduma iko sawa,” na watu wanaanguka kwa kicheko. Mama muuza mboga akiulizwa kama nyanya zake zimeoza anajibu vivyo hivyo. Nilicheka nao. Sikujua walikuwa wananiiga mimi.

Jumatatu baada ya mazishi niliingia kibanda cha simu kabla ya kufika kazini, nikapiga namba ya ofisi yetu wenyewe. Ilikuwa saa za kazi, jua limechomoza vizuri. Ilipokelewa mara moja. “Hapa ni Orutu,” nilijisikia nikisema. Sauti ilikuwa nzuri, nakiri. Ilikuwa na tabasamu ndani yake, ilikuwa na adabu ya binti aliyelelewa kwao. Nilipiga tena, nikachagua Dholuo. Huko nilikuwa mtamu zaidi. Nilitoka nje ya kibanda nikatema mate, mwanamke mzima wa suti, na watu waliokuwa kwenye foleni wakanitazama.

Wangui alikuwa mtoto wa wafanyabiashara wa pale Kondele, anayezungumza Dholuo kwa raha kuliko Nicodemus. Ukimwacha Nicodemus, kati ya watu wa Absalom tulikuwa tumebaki yeye na mimi. Nilimweleza, akavuta kiti, akaanza kubonyeza. Ilimchukua muda mrefu, akiwapigia wa Nairobi, akibembeleza wampe nywila.

“Lornah,” alisema hatimaye, na hakunigeukia, “ile mashine yetu ya zamani bado iko huko. Iko kwa kona, imewashwa, inapokea. Hakuna mtu anaifungua tangu wahame. Hizi barua za watu ziko tu hapo ndani.”

Tukachapa za Opiyo. Ya kwanza iliandikwa siku ile ile alipopata habari.

“Mama, nimesikia. Najua sikuja kwa nyanya na najua wazee wanasema nini. Huyu ni baba, nakuja. Nimepata ndege, nafika Kisumu Jumanne asubuhi. Msimfukie bila mimi. Mwambie Odongo anishikie nafasi.”

Ya pili ilikuwa fupi. “Mama, hukunijibu, nikapata wasiwasi, nikapiga simu Orutu kutoka huku. Lornah amesema barua zote zimefika. Sasa nimetulia. Tuonane Jumanne.”

Niliisoma ile ya pili nimesimama, kisha nikakaa. Sauti yangu ilimtuliza mama, ikamtuliza na mwana, kwa sentensi ile ile, nami wakati huo niko Ahero nimeketi na mwenye kiwanda cha mchele namsifia kampuni.

Nicodemus alikuwa anakula sambusa mezani kwake. Nilimwekea zile karatasi mbele yake nikangoja. Alizisoma, nadhani kwa dhati, maana aliacha kutafuna.

“Pole yao,” alisema. Akafikiri. “Lakini angalia, mteja ana wajibu wa kuthibitisha. Iko kwenye mkataba.”

“Alithibitisha. Alipiga simu.”

“Sasa usiende huko kwao. Ukienda umekubali kosa. Tutawatumia barua kwamba kulikuwa na hitilafu wakati wa kuboresha huduma.”

“Utawatumia kwa njia gani?”

Aliinua karatasi ya pili kunirudishia, akaona vidole vyake vina mafuta, akajifuta kwenye ukingo wake. Hakukusudia. Ningeweza kumsamehe kama angekusudia. Alijifuta kama mtu anavyojifuta kwenye gazeti la jana, na macho yake yalikuwa tayari kwenye sambusa nyingine.

“Itoe sauti yangu kwenye hiyo simu,” nilimwambia.

“Ile sauti ni ya kampuni, Lornah. Ulilipwa.”

Nilichukua mkoba wangu. Suti niliirudisha baadaye, imefuliwa. Kampuni yenyewe iliuzwa tena, ikabadilishwa jina tena, na wateja wakaendelea kuchomoka mmoja mmoja mpaka pakabaki mlango wa zambarau na mlinzi. Wangui aliniambia namba ile iliendelea kupokea hata ofisi ilipokuwa tupu, kwa sababu aliyejua pa kuizimia alikuwa ameshafukuzwa. Kuna watu walikuwa wakipiga ili tu wacheke.

Jumanne nilirauka nikaenda Kisian. Nilitaka nimwahi Opiyo, nimwambie mama kabla hajamwona mwanawe getini. Lakini nilikwenda kama nilivyofundishwa. Mama Rosa alinikaribisha kiti, nikakaa. Akaleta maji, nikanywa. Akaniuliza nyumbani wameamkaje, nikasema salama, nami nikamuuliza amelalaje, akanieleza juu ya usingizi uliokataa kuja, juu ya ng’ombe aliyelia upande wa kaburi. Sikumkatiza. Mtu hamkatizi mjane wa juzi. Zile karatasi zilikuwa mapajani mwangu, nazo zilinichoma, na ndiyo kwanza nilikuwa nasafisha koo tulipoona teksi ya mjini inakata kona ya ua.

Opiyo alishuka na koti zito mkononi, koti la huko, la baridi. Alitabasamu kwanza. Kisha akaona hema zinakunjwa. Akaona kaburi upande wa kulia wa nyumba.

Alikuja mpaka pale tulipoketi, taratibu. Nilisimama nikamsalimu, nikamwambia karibu nyumbani, na uso wake ukanigeukia kwa kitu kilichofanana na shukrani.

“Hii sauti naijua,” alisema. “Wewe ni Lornah. Asante kwa siku ile, ulinituliza.” Halafu akamgeukia mamake. “Mama, hata siku tatu hamkuweza? Na barua yangu mlikuwa nayo?”

“Barua gani?” Mama Rosa alisema. “Hukuandika.”

“Zilifika. Muulize huyu. Si ulisema zimefika?”

“Hata mimi aliniambia zimefika,” mama akasema, polepole, na wote wawili wakanitazama.

Nimewahi kuulizwa nilijisikiaje. Nilimfikiria yule mtu na sambusa yake, na wale wenye tai waliosema tutakua. Nikawaambia. Niliwaeleza mashine iko wapi, sauti ilitokaje, nani alijua. Nilizisoma zile barua mbili kwa Dholuo, uani pale pale nilipokuwa nikizisoma zamani, ya pili ikiwa na alama za mafuta pembeni. Nilipofika mahali pa Odongo kushika nafasi, Odongo mwenyewe alikuwa ametokea nyuma ya nyumba, ana kamba ya hema mkononi, na alisikia.

Hakuna aliyenitukana. Ningepata nafuu kama wangenitukana. Mama Rosa alisema, “Sema tena ile ya kwanza,” nikasema tena. Alinitazama mdomo nilipokuwa nikisoma, hakuniondolea macho hata mara moja, kama mtu anayehakikisha kwamba maneno yanatoka humo kweli.

Opiyo aliweka koti lake juu ya kiti nilichokuwa nimekalia. Alikwenda upande wa kulia wa nyumba, na Odongo akamfuata kwa nyuma. Aliinama kwenye lundo dogo la udongo uliobaki kando ya kaburi, akajaza kiganja. Kisha akasimama nao juu ya kaburi la babake. Wazee walikuwa wamefanya kazi nzuri. Saruji ilikuwa imenunuliwa mapema, wakalisakafia jioni ile ile ya Jumamosi, likalainishwa kwa mwiko hadi pembeni. Alizunguka upande mmoja, akazunguka upande wa pili, ameinamisha kichwa anatafuta pa kuutia. Saruji ilikuwa imeshakauka.